Mparachichi Wangu na Mafundi Watatu

Jumatatu, 3 Machi

Katika maisha yangu yote sijawahi kudanganywa na fundi. Hata mmoja!

Ukimwacha yule wa bomba. Na yule wa paa, aliyepaka matundu rangi badala ya kuyaziba. Na yule aliyechimba shimo la choo akaondoka na sepetu yangu. Lakini hao hawahesabiki, maana niliwagundua. Baadaye.

Shajara hii ni siri. Naificha ndani ya kasha la saa kubwa ya ukutani, nyuma ya kile chuma kinachobembea. Mke wangu haigusi saa hiyo. Anasema ina vumbi.

Habari ya leo ni mparachichi. Jana tawi nene kama paja langu (paja la zamani, si hili la sasa) lilianguka hatua mbili kutoka chumba cha kushonea. Mke wangu alikuwa ndani, mguu kwenye cherehani. Hakupiga kelele. Alimalizia mshono, akakata uzi kwa meno, akatoka, akatangaza. Jumamosi saa tatu mti mzima unakwenda chini. Ameshaongea na mtu mwenye msumeno wa petroli. Isipokuwa nipate fundi wa miti wa kuaminika, si mmoja wa wale marafiki zangu, asimame mbele yake aseme kwa kinywa chake kwamba chumba kitakuwa salama.

Mti mzima! Niliupanda mwenyewe! Kokwa la parachichi nililokula siku tuliyohamia, nimekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, nyumba haina hata kiti. Miaka thelathini na tisa. Watoto wamekua wakaondoka, kibanda changu cha saa nimekifunga, meno yamepungua, mti upo. Ukiondoka, dirishani kwangu kutabaki ukuta wa Mwalimu. Na Mwalimu juu yake.

Mwalimu ni jirani. Mwalimu mkuu mstaafu, anavaa tai hata kumwagilia maua. Leo amenisahihisha Kiswahili mara mbili nikiwa katikati ya kuomboleza. Kisha akasema anamjua mama mmoja, fundi wa miti, mwaminifu kabisa.

Nimemshukuru sana. Simwiti ng'o. Kitu chochote kinachotoka kwa Mwalimu kina mtihani ndani yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na hila. Tena hila safi!

Swali: fundi mwaminifu unamjuaje? Wengine wanauliza majirani. Wengine wanaangalia viatu. Mimi nina njia ya mkato, maana nilikuwa fundi saa miaka arobaini na najua uchafu wetu wote. Mteja analeta saa, ndani kuna vumbi tu. Unapuliza. Kisha unakunja uso kama daktari, unamwambia springi imechoka. Mimi nilifanya hivyo mara chache sana. Kila Ijumaa.

Mpaka akaja bwana mmoja mpole, mwembamba. Saa yake, alisema, inachelewa. Nikaifungua, nikamwambia gurudumu limevunjika, hali ni mbaya. Akashukuru. Akasema saa ile ni nzima, ilikuwa imetoka kufanyiwa matengenezo asubuhi hiyohiyo, na haijachelewa hata sekunde. Watu walikuwa wamejaa pale kibandani! Nilihamishia kibanda mtaa mwingine.

Yule bwana alikuwa na akili ya ajabu. Namheshimu mpaka leo. Na leo ninamwiga.

Nimeupa mti ugonjwa wa uongo. Unga wa ngano vikombe viwili, majani ya chai yaliyochujwa, gundi ya karatasi, na rangi ya viatu kidogo kwa ajili ya huzuni. Nimepaka shinani, upande wa barabara, urefu wa kifua. Fundi atakayesema huo ni ugonjwa, mwongo. Atakayesema si ugonjwa, huyo ndiye.

Ukiuona ugonjwa wenyewe unasikitika. Mimi mwenyewe nimesikitika, na ndimi niliyeukoroga.

Upande wa chumba cha kushonea sikuupaka. Upande ule nina sababu zangu. Tuuache.

Jumatano, 5 Machi

Chai ya asubuhi. Mke wangu ameuliza kama mti umeridhika na vikombe viwili vya unga au uongezewe. Nikamwuliza amejuaje kuwa ni viwili. Akasema amekisia. Mwanamke huyu ana kipaji.

Fundi wa kwanza ni yule wa mke wangu, Bwana Msumeno. Hakushuka hata kwenye pikipiki. Alipaza sauti akiwa getini: "Mzee wangu, huo umekwisha! Kata, choma, sahau!" Nikamwonyesha ugonjwa. Akasema anaujua tangu utotoni, unaitwa ukoma wa miti, na moshi wake unaingia kwenye mapafu ya watu. Nikamwuliza kama umeingia kwenye yake. Akawasha pikipiki.

Mwongo namba moja! Hila inafanya kazi!

Wa pili ana kadi iliyochapishwa, koti jeupe na kipimo cha daktari shingoni. Daktari wa Miti. Akaweka kipimo kwenye shina, akatikisa kichwa. Akauchambua ule ugonjwa, akaupa jina refu. Akaeleza unavyoanzia kwenye mizizi, unavyopanda, unavyoua baada ya siku arobaini. Alizungumza kwa utamu, kwa utaratibu, kila neno na mahali pake. Nikasahau kabisa kwamba ni unga wangu. Machozi yalinilenga! Nikamwuliza kama kuna tumaini. Akasema lipo, sindano kumi na mbili. Ya kwanza akaichoma palepale, ya kuonja tu.

Nilinawa mikono mara mbili baada ya yeye kuondoka. Ndipo nikakumbuka.

Mwongo namba mbili. Lakini nikiri, msanii. Mimi na springi zangu nilikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nimetoka jioni kuangalia mti. Kwa kweli unaonekana una nafuu.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja ambaye sikumwita. Mwalimu ndiye aliyemwita.

Mwanamke mfupi, rika la shemeji yangu, kamba tatu begani zimekunjwa vizuri kuliko shuka za nyumba hii. Msumeno wa mkono. Nyundo ya mbao. Hana kadi, hana koti. Nimempa jina la Mama Kamba. Nikajisemea, huyu naye nusu saa atakuwa ameshanichekesha.

Alisalimia, akauzunguka mti mara tatu. Alipofika kwenye ugonjwa wangu nikakohoa, nikauliza kwa sauti ya mfiwa, jamani, hiki ni kitu gani? Akakwaruza kwa kucha. Akanusa. Akaonja. Akaonja, nasema!

"Unga na majani ya chai, mzee. Gundi umezidisha."

Nilitaka kumkumbatia! Nikajizuia kwa sababu Mwalimu alikuwa juu ya ukuta, anatabasamu kama mtu aliyesahihisha karatasi.

Hapo ndipo Mama Kamba alipochukua nyundo. Akaweka sikio kwenye shina, akafumba macho, akaanza kugonga. Ko. Anasogea. Ko. Anasogea. Ko. Nikabaki mdomo wazi. Mimi ndivyo nilivyokuwa nasikiliza saa! Hivyohivyo! Pumzi umeizuia, mkono unauliza, sikio linajibu. Tangu nifunge kibanda sijaona mtu anasikiliza kitu namna ile. Nywele za mkono zilinisimama, zile chache.

Akafika upande wa chumba cha kushonea. Ko. Ko.

Du.

Akafumbua macho. Akakwangua gamba. Gamba lenyewe si gamba, ni rangi ya kahawia. Chini ya rangi, saruji.

Basi niandike, humu ni mahali pa siri. Miaka ishirini na moja iliyopita mti ulitoboka hapo. Nikafikiri, jino likitoboka linazibwa. Nikaliziba tundu kwa saruji, nikalainisha kwa mgongo wa kijiko, nikapaka rangi. Hakuna aliyejua. Nilijiona bingwa.

Kumbe! Mama Kamba alieleza taratibu, bila kumkaripia mtu. Mti unayumba, saruji haiyumbi. Miaka yote hiyo bonge lile linausaga mti kutoka ndani, maji yanajificha nyuma yake, mbao inaoza. Tawi kubwa lililo juu ya chumba limeshikiliwa na ukingo usiozidi upana wa kiganja. Mti wenyewe ni mzima, una miaka mingi mbele. Tawi lile litolewe, vipande kwa vipande, na saruji itoke. Mpaka hapo mtu asiingie chumbani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi ndani, akatoa cherehani yake, akaiweka sebuleni mbele ya kiti changu.

Kisha Mama Kamba akauliza nani aliyetia saruji. Hamtafuti wa kumlaumu. Anataka kujua kama ndani kuna chuma. Yeye atakuwa juu, amening'inia kwa kamba, kwenye tawi lililo kama ganda la yai. Msumeno ukiuma chuma bila yeye kujua, ukakwama, ukaruka, basi.

Wote wakanitazama. Mke wangu ndiye aliyenitazama zaidi.

Mwalimu alikuwa ameshaingia ndani kwake kunywa chai. Nikanyoosha kidole kwenye ukuta wake.

Ijumaa, 7 Machi

Siku chungu.

Asubuhi Mama Kamba alikwenda kumwuliza Mwalimu. Mimi nilikuwa upande huu wa ukuta, nyuma ya pipa la maji, nakagua pipa. Mwalimu alinyoosha tai yake. Kisha akasema, ikiwa jirani yangu amesema ni mimi, basi ni mimi. Ila habari ya chuma, alisema, kwa kweli hana jibu.

Mnaona ujeuri huo? Nimemsingizia, yeye akaugeuza kuwa uungwana! Mama Kamba akamshukuru kwa heshima. Heshima ambayo ni yangu!

Lakini kuna jambo la chuma.

Kipo. Nondo moja, urefu wa mkono, niliisimamisha ndani ili saruji ishike. Nimekaa mchana kutwa naitazama sahani ya chakula. Nikisema, nimekuwa mwongo mbele ya mke wangu, mbele ya ukuta, mbele ya yule mama aliyeonja unga wangu kwa uaminifu. Nisiposema, yeye yuko juu. Nimejaribu kuliangalia kutoka kila upande kama saa iliyokwama. Halifunguki. Mtu anayesikiliza kama yule haiwezekani aanguke kwa ajili ya nondo yangu.

Suluhisho: barua! Nimeandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama walevi. "Ndani kuna nondo moja urefu wa mkono. Mwandishi ni mtu asiyehusika na hapiti mitaa hii." Nikaitia kwenye mfuko wa kamba aliouacha stoo. Kazi safi!

Kabla ya kuikunja, mkono ukajiendea wenyewe pembeni ukachora alama yangu. Duara dogo, mishale miwili, saa nne na dakika kumi. Niliichonga ndani ya kila saa niliyotengeneza, na tarehe chini yake. Fundi saa haachi kazi bila alama. Nikaifuta haraka, nikacheka.

Kicheko kikakatika.

Saruji! Ilikuwa mbichi! Nilikuwa na msumari mkononi! Niliweka alama, na tarehe, kisha ndipo nikapaka rangi!

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu kamili Bwana Msumeno alikuwa getini, petroli tayari. Mama Kamba naye alishafika. Akasimama mbele ya mke wangu, akasema kwa kinywa chake, "Dada, hilo tawi likishuka chumba chako kiko salama, na mti utaishi. Mwakani mwezi huuhuu nitarudi kuugonga tena, bila kuitwa." Mke wangu alimwangalia kama anavyoangalia kitambaa dukani, mbele na nyuma. Kisha akamwambia Bwana Msumeno asante, aende.

Mti wangu! Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba kidogo. Upepo uliniingia machoni.

Sasa niandike nilichokiona, ingawa sina maneno ya kutosha. Alirusha kamba mara moja tu, ikapita kwenye panda aliyoitaka. Akapanda kama mtu anayepanda kitandani kwake. Kila kipande alikifunga kabla ya kukikata, akakata, kikabaki hewani kinafikiri, akakishusha polepole mpaka kwenye majani. Hakikudondoka hata kimoja. Bati la chumba cha kushonea halikuguswa na jani! Kwenye tawi moja kulikuwa na kiota. Alilikata tawi juu yake na chini yake, akalihamisha lote na kiota chake, akalifunga kwenye panda nyingine. Ndege alimgombeza muda wote. Mama Kamba alikuwa anamjibu, samahani, samahani.

Miaka arobaini ya ufundi wangu, nilikuwa na mikono kama ile labda siku mbili.

Alipofika kwenye saruji akasita. Akasema kwa sauti, kama anaongea na mti, kwamba amepata barua nzuri ya mtu asiyehusika, anamshukuru sana, ila laiti angetaja nondo imeinamia upande gani.

"Upande wa barabara, na chini imepinda!" Nani kasema? Mimi. Nikaongeza haraka kwamba nakisia tu, kwa uzoefu.

Akasema asante kwa makisio. Akapitisha msumeno upande mwingine. Salama!

Bonge likashuka kwa kamba, likatua mbele yangu. Jua likalipiga. Duara dogo, mishale miwili, saa nne na dakika kumi. Tarehe inasomeka kuliko mwandiko wa daktari yeyote.

Nikalikalia.

Mke wangu alileta chai, akaniambia nihamie kwenye kiti. Nikasema miguu imekufa ganzi. Mwalimu akaingia, na tai yake, akaniambia nitaharibu suruali. Nikasema ni ya zamani. Nimekaa juu ya lile bonge saa nzima, nondo inanichoma mahali nisipoweza kupaandika.

Mama Kamba akashuka, akafuta mikono. Akasema kosa lilikuwa kosa, lakini aliyelainisha ile saruji alikuwa na mkono wa fundi wa kweli. Miaka ishirini, haina hata ufa! Ukingo laini kama sahani! Yeye mwenyewe asingeweza.

Mwalimu akainamisha kichwa. Akasema, nilijitahidi.

Nilijitahidi!

Nikaruka juu. Sijui nguvu zilitoka wapi. Nikapiga kelele, "Soma! Wewe si msomi? Soma hapo chini! Hiyo ni kazi ya mkono gani? Na kijiko kilikuwa changu!"

 Hata ndege aliruka kutoka kiotani.

Mwalimu akainama, akavaa miwani, akasoma. Akasema tarehe imeandikwa vizuri, hakuna cha kusahihisha. Mama Kamba akasema aliiona alama hiyo tangu Alhamisi alipokwangua, maana ndiyo ileile iliyo kwenye kibao cha duka langu, ambacho bado nimekitundika getini. Na mke wangu akaokota vikombe, akasema, "Nani alikushikia ndoo siku hiyo, baba? Nilikuwa nimesimama hapa, saruji inanidondokea miguuni."

Walijua! Wote! Wiki nzima!

Kabla ya kuondoka Mama Kamba alitoa saa mfukoni. Ya marehemu baba yake, imesimama mwaka wa pili. Nikaifungua palepale kwa kisu cha matunda. Vumbi. Ulimi wangu ukajiandaa wenyewe kusema springi imechoka. Nikamwangalia, bado ana maganda ya mti kwenye nywele. Nikapuliza, ikaanza kutembea. Nikamwambia lilikuwa vumbi tu.

Akaiweka sikioni. Akafumba macho.

Sijui kilichonipata. Labda jua.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari wiki nzima iliyopita na ukweli uko wazi. Hila yangu imefaulu mia kwa mia! Waongo wawili wamenaswa, mkweli mmoja amepatikana. Mwalimu anazunguka mtaani akidai ni yeye aliyempendekeza Mama Kamba. Watu hawana aibu.

Mti umesimama. Umekonda upande mmoja kama mtu aliyenyoa nusu, lakini umesimama. Tundu liko wazi, linapumua. Mke wangu amerudisha cherehani chumbani na ninaisikia kutoka hapa. Kibao cha duka nimekipangusa vumbi. Mama Kamba alikisifia, au karibu na kusifia.

Na kwa kuwa hila imefaulu, sioni sababu ya kuiacha. Kesho anakuja fundi bomba mpya. Sasa hivi nimelegeza nati moja chini ya sinki la jikoni. Kidogo tu, ya uongo. Akisema bomba zima limeoza, nimemnasa!

Ila nati yenyewe imetoka mkononi ikaingia mahali, na nasikia sauti ya maji ambayo sikuipanga.

Sasa, mke wangu. Ndiyo, wewe unayesoma hapa. Usijifanye husomi. Niliweka uzi mwekundu wa mtego ukurasa wa Jumanne, nimeukuta kwenye cherehani yako umeshonea kifungo. Mimi sina kinyongo. Lakini kumbuka, wiki nzima nimehojiwa mbele ya watu juu ya saruji ile, na sikumtaja hata mara moja aliyeshika ndoo. Niliikalia siri yako mpaka nikachomwa na nondo. Hilo ni deni la fadhila, na mimi si mtu wa kudai makubwa.

Ndoo ni ileile, iko stoo. Nenda kaiweke chini ya sinki. Na uishike kidogo.